Inchi Nne za Chokaa

Baba alinikataza mambo mawili Jumamosi ile: kushangilia, na kumwangalia Garret Ruzicka. La kwanza nililiweza.

Alinikumbusha tukiwa bado ndani ya gari, akikwangua barafu kwenye kioo kwa upande wa ndani, maana kipasha joto cha gari letu kilikufa tangu mwezi wa kumi. Hakupandisha sauti. Baba yangu, Merle Brandvold, hapandishi sauti. Ni mtu wa ghala la mahindi, na kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi ya msimu, ndiye aliyeongoza watu wa mnyororo kwenye mechi za mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mkononi, katika uwanja wa Chuo cha Kinnard.

Mnyororo ni yadi kumi kamili, na fimbo kila mwisho. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne kusogea yadi hizo kumi. Ikifika inapewa mengine manne, isipofika inawaachia wenzao mpira. Mkimbiaji akilaliwa na watu wanane na hakuna anayejua kama amefika, sisi ndio tunaoitwa. Tunaingia uwanjani mbele ya watu elfu mbili walionyamaza, tunauvuta mnyororo, tunatoka. Kila Ijumaa jioni baba aliutandaza bandani, kati ya misumari miwili aliyoipigilia sakafuni kabla sijazaliwa, aone kama haujarefuka.

"Watu wa mnyororo hawana timu," alisema.

"Najua, baba."

"Wala hawana mchumba."

Hilo lilikuwa jipya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama alipofariki nililelewa na bibi, kwenye kanisa la watu wanaosafiri kwa magari ya farasi, ambako mtoto akimaliza darasa la nane anaacha shule. Nikarudi kwa baba nikijua kuoka, kushona na kukaa kimya. Chuo kikanipa kazi ya kufua jezi. Garret alikuwa namba thelathini na tatu, mkimbiaji, mwaka wake wa mwisho wa kusomea ualimu, na katika vijana themanini ndiye peke yake aliyegeuza soksi zake vizuri kabla ya kuzitupa kapuni. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akasema alifundishwa kwao kwamba anayefua naye ana mikono. Nikabaki nimeshika ile soksi kama mjinga, na yeye alikuwa ameshatoka.

Baba alitukuta tumekaa juu ya meza ya kukunjia nguo, tunakula kolache, mikate mitamu ya plamu ambayo mama yake Garret hutuma kwa sanduku zima. Hatukuwa tumeshikana hata kidole. Baba alitutazama, akatazama ile mikate, akasema mshika mnyororo na mchezaji hawali kwenye sanduku moja wakati ligi inaendelea. Akaongeza, tukiwa nyumbani, kwamba vijana hawa wakishapata vyeti vyao huondoka na hawageuki nyuma, na mimi sina cheti cha kuwafuatia. Nikamwomba aniache tu nizungumze naye mpaka msimu uishe. Akasema, "Msimu ukiisha tutazungumza. Kabla ya hapo, usimsemeshe."

Wiki tano sikumsemesha. Lakini kila Jumapili soksi zake zilikuja na karatasi ndani. Aliniambia mama yake amesikia habari zangu na hajafurahi, anauliza mwalimu mzima atafanya nini na mfua soksi. Aliniambia goti linamuuma. Karatasi ya mwisho nilikuwa nimeibana ndani ya glavu yangu mchana ule: Tukishinda Jumamosi nakuja kwa baba yako, na mama nitamleta. Kinnard haijachukua kombe miaka thelathini na mmoja. Sitakuja mikono mitupu. Usijibu. Kama unakubali, niangalie mara moja tu wakati wa mechi, nijue.

Sasa fikiria wewe. Baba kasema nisimwangalie, na huyu kasema nimwangalie. Robo tatu za mechi nilitazama majani.

Kazi yangu ilikuwa kibanio. Ni chuma kidogo cha njano ninachokibana kwenye mnyororo pale unapokata mstari wa karibu, maana uwanja una mstari wa chokaa kila yadi tano. Tukiitwa kupima, mwamuzi wa pembeni anakishika kibanio na kukirudisha juu ya mstari uleule katikati ya uwanja, kisha fimbo zinavutwa. Kibanio kinakaa ukingo wa nyuma wa mstari, siku zote wa nyuma. Mstari una upana wa inchi nne, na ukibana ukingo wa mbele, mwamuzi akakirudisha ukingo wa nyuma, umempa mtu inchi nne ambazo hakuzikimbia. Nikishabana naangusha kifuko cha maharage, alichonishonea bibi, palepale nilipobana, ili mtu akijikwaa kwenye mnyororo tupate pa kurudia.

Robo ya mwisho, tunaongoza ishirini kwa kumi na saba, dhidi ya timu ya Ashby. Nasema tunaongoza, baba angenikata sikio. Garret alikimbia yadi kumi na mbili kwa upande wetu, akasukumwa nje, akaanguka hatua tatu kutoka nilipochuchumaa. Fimbo zilihamishwa. Nikainama na kibanio changu. Yeye akasimama polepole kwa lile goti, akagonga kofia yake ngumu kwa vidole viwili, na hakuondoka. Alikuwa anangoja.

Nikainua macho.

Ilikuwa kitambo kidogo tu. Alikuwa na tope kwenye kidevu na pumzi yake ilitoka nyeupe. Aliponiona namtazama hakutabasamu, alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akakimbia kurudi kwa wenzake. Mikono yangu ikabana chuma. Kifuko kikaanguka. Sikutazama chini.

Majaribio matatu yakawapa yadi tisa na kitu. Dakika moja na sekunde kumi zimebaki. Wangeweza kuupiga mpira mbali wasijihatarishe, lakini kocha wao ana shingo ngumu, na alitaka kuwamaliza Ashby palepale: wakifika hapo, wanashika mpira mpaka saa iishe, kombe lao. Wakampa Garret. Akajitupa kwenye lundo la watu, na lundo likamfunika.

Mwamuzi mkuu, Bwana Pruitt, akatuita kwa mkono.

Tuliingia. Baba mbele, wazee wawili na fimbo, mimi nyuma yao. Mwamuzi wa pembeni alinyakua kibanio na kuniuliza kama kawaida, nyuma? Nikajibu nyuma, kama kawaida. Mnyororo ukanyooka. Ncha ya mpira ilikuwa imeipita fimbo kwa inchi moja na nusu. Pruitt akanyoosha mkono kuelekea lango la Ashby, na uwanja ukalipuka.

Nilirudi pembeni na furaha ambayo nilikatazwa kuionyesha. Nikainama kuokota kifuko changu.

Kilikuwa ukingo wa mbele.

Nilikitazama. Nyuma yake chokaa yote, nyeupe, inchi nne, haijaguswa. Nikafikiri labda nimekosea upande, nikatazama lango la Ashby, nikatazama letu. Sikuwa nimekosea upande. Nikatoa hesabu kichwani, ile ya darasa la nane. Nne toa moja na nusu. Garret hakufika.

Kanuni ya kupima ni fupi: kosa linarekebishwa kabla mpira haujachezwa tena. Ukishachezwa, limekuwa kweli. Na wachezaji walikuwa wanajipanga. Ili ibaki hivyo, nilichotakiwa kufanya ni kuinua tu kifuko cha maharage na kukitia mfukoni.

"Baba," nikasema.

Alikuja akidhani nalia. Nikamwonyesha kwa kidole. Baba ni mwepesi wa mambo haya. Uso wake ulibadilika kabla sijafumbua mdomo tena.

"Ulibana mbele?"

"Mbele."

"Una hakika hukukipiga teke ulipotoka?"

Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akiuliza swali huku akiogopa jibu. Alitazama uwanjani, ambako Garret alikuwa anapigwapigwa mgongo na wenzake, halafu akanitazama mimi, muda mrefu kuliko tuliokuwa nao. Nikajua baba ameelewa kila kitu, soksi na karatasi na macho. Na mlango alikuwa ameniachia wazi. Ningeweza kusema labda.

"Sikukipiga, baba."

Akavua kofia. Akanyoosha mkono juu na kuingia uwanjani peke yake, jambo ambalo mtu wa mnyororo halifanyi bila kuitwa. Pruitt alipuliza filimbi. Nilimfuata baba mbio, nikamkuta ameshasema.

"Kosa langu, Bwana Pruitt. Kibanio kilikaa mbele ya mstari."

Pruitt, mtu mrefu mwenye mafua, aliuliza nani hasa mwenye kibanio.

"Anayeongoza kikosi ni mimi," baba alisema. "Andika mimi."

Nilifungua mdomo. Baba akanikanyaga mguu, kweli kabisa, akanikanyaga kwa buti lake la ghalani, na hakuutoa mpaka Pruitt alipogeuka.

Mpira ukarudishwa mahali pake, tukapima upya. Safari hii ncha ilipungua inchi mbili na nusu. Garret alikuwa amepiga magoti karibu, kofia mkononi. Aliutazama mnyororo, kisha akamtazama baba. Mimi hakunitazama. Kipaza sauti kikatangaza kwamba wapimaji wamekosea na mpira ni wa Ashby, na jukwaani mzee mmoja ambaye hununua mahindi kwa baba kila wiki alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili, "Merle, miaka ishirini na sita na bado hujui kuhesabu mpaka kumi?" Watu wakacheka kicheko kibaya. Kikombe cha kahawa kilitua begani kwa baba. Hakujifuta. Akasimama penye fimbo akitazama mchezo, kahawa inamtiririka mkono wote.

Ashby walifunga zikiwa zimebaki sekunde nne. Ishirini na nne kwa ishirini.

* * *

Chumba cha kufulia kina dirisha moja linaloangalia uwanja. Nilisimama hapo nikipokea nguo. Vijana waliingia mmoja mmoja, wakatupa jezi bila salamu, wakatoka. Mmoja alitema mate kwenye kapu, nadhani hakunikusudia mimi, alikusudia dunia. Garret aliingia wa mwisho, na akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa bado amevaa pedi za mabega. Goti lilikuwa limevimba kama mkate.

"Baba yako amesubiri nafasi hii wiki tano," alisema.

"Garret."

"Angenikatalia mlangoni kwake. Ningesimama nikasikiliza, naapa. Ningesema ndiyo mzee, nikarudi tena kesho yake. Lakini siyo hivi. Siyo mbele ya timu nzima, dakika moja imebaki."

Nikamwambia baba hakufanya kwa chuki.

"Kasema mwenyewe, tumemsikia wote. Kosa langu. Na kwa nini aliligundua lilipokuwa la kutufaa sisi? Angekuwa mwingine amebeba mpira, angeona?" Alikuja karibu, akaweka mikono juu ya meza ya kukunjia, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Mama yuko nje kwenye gari. Nimemwambia simtaki mtu mwingine, aseme atakalo. Chukua koti lako. Twende kwetu sasa hivi, utakaa na dada yangu mpaka nimalize mtihani. Mwache yeye na mnyororo wake."

Nilikuwa nimemngoja aseme maneno hayo tangu siku ya soksi. Yote yalikuwa mbele yangu: koti langu kwenye msumari, mlango, gari. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilihitaji kukaa kimya tu, na kukaa kimya ndicho kitu nilichosomea. Kupitia dirishani nilimwona baba katikati ya uwanja. Wale wazee wawili walikuwa wameondoka bila kumuaga. Alikuwa anajaribu kuukunja mnyororo peke yake, anavuta upande mmoja, anatembea yadi kumi, anavuta wa pili.

Nikatoa kifuko cha maharage mfukoni, nikakiweka mezani.

"Uliniandikia nikuangalie mara moja."

"Na uliniangalia," alisema. "Nilikuona. Nilicheza dakika zote zilizobaki kwa jicho lile."

"Nilikuwa nimeshika kibanio."

Hakuelewa haraka. Nilichukua utepe mweupe wa kufungia vifundo vya miguu, nikaubandika mezani, nikakiweka kifuko nyuma yake, nikamwambia hapa ndipo pake. Kisha nikakiweka mbele. Nikamwambia hapa ndipo kilipokuwa, kwa sababu sikutazama chini.

Garret alikitazama kile kifuko.

"Nani alikiona?"

"Mimi."

"Baba yako hakujua?"

"Hakujua mpaka nilipomwita. Kosa ni langu na kusema ni kwangu. Yeye kajitwika tu, na akanikanyaga mguu nisiseme."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa sekunde ngapi, Orpha? Ishirini?"

"Hazikufika."

Alikaa kwenye kapu la taulo, chini, kama mtu ambaye goti limekataa. Sikumsogelea. Mashine ilikuwa inazunguka na vifungo vinagonga kioo.

"Ulinifikiria?" aliuliza. "Hapo ulipokiona."

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Na bado ukamwita."

"Na bado nikamwita."

Alisimama, akavua jezi juu ya pedi kwa shida, nami sikuthubutu kumsaidia. Akaiweka mezani. Akavua soksi akazitupa juu yake, zimejikunja, ndani nje, kama wafanyavyo wengine wote. Akavaa viatu bila soksi na kutoka.

Nilizishika zile soksi. Nilizigeuza polepole, moja, halafu ya pili. Hakukuwa na karatasi.

Nilipotazama dirishani tena, Garret alikuwa anavuka kuelekea kwenye magari, anachechemea. Mama yake, Bi Darlene, mwanamke mfupi mwenye koti jekundu, alikuwa amesimama nje ya gari na sanduku lake la kolache mikononi. Alimwambia kitu. Garret akatikisa kichwa. Akampita, akalipita gari, akafungua geti la uwanja.

Nilijua baba hatajitetea. Angepigwa angesimama vilevile, kama alivyosimama na ile kahawa.

Nilichukua kitambaa cha mafuta tunachofutia mnyororo, kwa kuwa sikuweza kwenda mikono mitupu na bila sababu, nikakimbia.

Nilipofika getini walikuwa wanatazamana kwa urefu wa mnyororo. Baba na fimbo yake upande mmoja. Garret, bila jezi, pedi juu ya fulana iliyolowa jasho, upande wa pili. Halafu Garret akainama na goti lake bovu, akaiokota ile fimbo nyingine kutoka kwenye majani.

Nikawasogelea. Hakuna aliyenigeukia.

"Mzee," Garret alisema, "Orpha anasema kosa ni lake."

"Nimeshasema ni langu."

"Mimi ndiye niliyemwomba aniangalie. Nilimwandikia."

Baba alimtazama, akanitazama mimi, akatazama juu kidogo kama mtu anayehesabu magunia.

"Basi tuko watatu," alisema. "Shika chini. Ukiinua hivyo mnyororo unajisokota."

Garret akashusha fimbo. Waliuvuta mpaka ukanyooka, pete zikalia, chokaa ikadondoka. Baba akachuchumaa, akaukagua pete kwa pete kuelekea upande wa Garret, bila haraka, kama anavyofanya Ijumaa bandani. Nikampa kitambaa. Akafuta mpaka mwisho, mpaka kwenye mkono wa Garret, na hapo akabaki amechuchumaa.

"Mngeshinda leo," baba alisema, akiongea na mnyororo, "Jumamosi ijayo mngecheza na mabingwa wa ligi nyingine. Na nyingine labda."

"Ndiyo, mzee."

"Nilimwambia huyu asikusemeshe mpaka msimu uishe."

Kule getini Bi Darlene alikuwa ameingia na sanduku lake, amesimama kwenye mstari wa pembeni, hajui kama anaruhusiwa kuuvuka.

Baba akainuka, magoti yakalia, akaivaa kofia yake.

"Msimu umekwisha," alisema. Akachukua fimbo zote mbili, akaanza kwenda kwa yule mama, mnyororo unamfuata kwenye majani.

Nikamwangalia Garret. Safari hii sikuwa nimeshika kitu.